Mfumo Haukabi, Anayekaba ni Mtu

Wanachuo wenzangu, kila Jumatatu asubuhi pale kantini huwa kuna kesi moja tu. Mshtakiwa ni kocha, na kosa lake ni mfumo. "Alitakiwa aanze na 4-3-3." "Acha bwana, hii timu ni ya 3-5-2." Chai inapoa, chapati inaisha, kesi haijaisha. Yaani tunazitaja zile tarakimu kama namba ya simu: ukikosea moja tu, basi ushindi haupatikani.

Mimi nasema mfumo tunaupa sifa na lawama zisizo zake. Tarakimu zinaeleza watu wanasimama wapi kabla mpira haujaanza kutembea. Baada ya hapo kinachofanya kazi ni majukumu: nani anapanda, nani anabaki, nani anamkaba nani, nani anaziba pengo mwenzake akiondoka. Timu mbili zinaweza kuandika 4-4-2 kwenye karatasi na zikacheza mipira miwili tofauti kabisa.

Na kwetu sisi tunaosomea ualimu, hili si suala la kijiweni peke yake. Miezi michache ijayo wengi wetu tutakuwa BTP. Ukifika shuleni, kijana, mgeni, una viatu vya raba, mkuu wa shule hatakuuliza kama unajua mpira. Atakwambia, "Mwalimu, wewe ndiye wa michezo." Utakabidhiwa mpira mmoja na watoto arobaini. Utawafanyia nini? Ukiwa na tarakimu za kantini tu, utawaharibu.

Tarakimu na namba zilitoka wapi

Kwa asiyefuatilia, mfumo husomwa kutoka nyuma kwenda mbele, na kipa hahesabiwi. Kwa hiyo 4-3-3 ni mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu. 4-2-3-1 ni mabeki wanne, viungo wawili wa chini, watatu juu yao, na straika mmoja. 3-5-2 ni mabeki watatu wa kati, watu watano katikati wakiwemo wawili wa pembeni wanaopanda na kushuka, na washambuliaji wawili.

Halafu kuna namba. Hapa kwetu ukisema "huyu ni namba sita" kila mtu anajua ni kiungo mkabaji. Namba mbili ni beki wa kulia, namba tatu wa kushoto, nne na tano mabeki wa kati, saba na kumi na moja mawinga, nane kiungo wa kupanda na kushuka, tisa straika, kumi mchezeshaji. Tunazitaja kana kwamba zimeshuka kutoka mbinguni.

Kumbe ni za kurithi. Zamani timu za Uingereza zilicheza 2-3-5, yaani mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ikabadilishwa. Kabla ya hapo mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, baada ya hapo wakatosha wawili. Magoli yakamiminika. Makocha, akiwemo Herbert Chapman wa Arsenal, wakamshusha kiungo wa kati akawe beki wa tatu. Namba zilipokuja kuwekwa kwenye jezi (Arsenal na Chelsea walizivaa Agosti 1928) zilifuata ule mpangilio wa zamani, ndiyo maana namba tano akajikuta beki wa kati.

Lakini Argentina hadi leo wakisema "namba tano" wanamaanisha kiungo mkabaji. Uingereza kazi hiyohiyo wengi waliizoea kwa namba nne. Sisi tunaiita namba sita. Kazi ni moja, namba ni tatu. Ndiyo maana nasema tusibishanie namba, tuulize kazi.

Maswali matatu

Kazi ya mchezaji inajulikana kwa maswali matatu. Tukiwa na mpira, unafanya nini? Tusipokuwa nao, unafanya nini? Na ile sekunde mpira unapobadilisha mikono, wewe uko wapi? Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo watu wa kantini hawaligusi.

Chukua Yanga ya msimu wa 2023/24 chini ya Miguel Gamondi. Karatasini tuliona 4-2-3-1. Lakini ukitazama wakiwa na mpira, Yao Kouassi, ambaye ni beki wa kulia, unamkuta juu kule karibu na kona ya mpinzani anapiga krosi. Joyce Lomalisa naye anapanda kushoto. Sasa wale mabeki wanne wameenda wapi? Wamebaki wawili. Hiyo timu ingepigwa kaunta kila dakika kama Khalid Aucho asingekuwa pale katikati, hana haraka, anasoma mpira utaangukia wapi. Uhuru wa Yao kupanda ulilipiwa na Aucho kubaki. Wapo waliosema Aucho "hatembei". Alikuwa anatembea kidogo kwa sababu alikuwa tayari yuko mahali pake.

Tarehe 5 Novemba 2023 timu hiyo iliifunga Simba 5-1, na nawaomba radhi wana Msimbazi kwa kuwakumbusha. Mapumziko ilikuwa 1-1. Kipindi cha pili yakaingia manne. Hakuna mtu aliyegeuza 4-2-3-1 ikawa dawa wakati wa mapumziko. Kilichoonekana ni watu wa Yanga kuendelea kukimbilia nafasi kwa mpangilio, wakati upande wa pili kila pengo lililofunguka lilikosa mwenyewe. Siku chache baadaye kocha Robertinho akaachana na Simba, na mitaani tukasema "mfumo".

Kuna mfano mwingine wa msimu huohuo. Mfungaji bora wa Ligi Kuu alikuwa Stephane Aziz Ki wa Yanga, magoli 21. Anayemfuata, Feisal Salum wa Azam, magoli 19. Wote wawili ni viungo. Kama namba tisa ndiye "wa kufunga", hao wawili wanafanya nini kileleni? Wamefunga kwa sababu straika wao alikuwa anavuta mabeki na kuwaachia nafasi, na kazi hiyo haiandikwi gazetini. Mtoto anayesikia kwamba straika asiyefunga ni mzigo hatajifunza kamwe kumfungulia mwenzake njia.

Dakika ya 88

Sasa njoo kwa Taifa Stars, maana hapa ndipo tulipolipa bei. AFCON ya Côte d'Ivoire, tarehe 21 Januari 2024, tunacheza na Zambia. Dakika ya 11 Simon Msuva anafunga. Kabla ya mapumziko Zambia wanapata kadi nyekundu. Tuko watu kumi na moja, wao kumi, tunaongoza. Dakika ya 88 Patson Daka anasawazisha. 1-1.

Siku tatu baadaye tukatoka 0-0 na DR Congo tukarudi nyumbani na pointi mbili, wa mwisho kwenye kundi. Fanya hesabu. Congo walishika nafasi ya pili wakiwa na pointi tatu tu. Tungelinda lile goli, tungekuwa na nne, na tungevuka.

Nilisikia uchambuzi wa kila aina: mfumo wa kujilinda, mfumo wa woga, mfumo wa nini sijui. Kwa macho yangu tatizo lilikuwa dogo na baya zaidi. Ukiwa na mtu mmoja zaidi, yule wa ziada lazima apewe kazi. Akae na mpira? Awe mtu wa kupokea pasi pembeni ili wapinzani kumi wachoke kukimbia? Asipopewa kazi anageuka kuwa mtu wa kumi na moja wa kurudi golini, na hapo faida ya kadi nyekundu umeitupa mwenyewe. Wachezaji hawakukosa moyo. Kujituma bila kujua unajitumia wapi kunachosha tu.

Na kujua huko hakuanzii timu ya taifa. Mchezaji anafika kambini na umri wa miaka 25, kocha ana wiki chache. Hawezi kumfundisha pale kitu alichotakiwa kukijua akiwa darasa la sita. Ndiyo maana natoka Côte d'Ivoire narudi moja kwa moja shuleni, huku kwetu mlimani.

Uwanja ulioinama

Aliyewahi kupanda Machame, Kibosho, Marangu au Rombo anajua viwanja vyetu. Uwanja wa Ushirika pale mjini ni tambarare, lakini shule nyingi za huku juu zimechongewa uwanja kwenye mteremko, katikati ya migomba na kahawa. Goli moja liko juu, lingine chini. Au mteremko unakata uwanja upande, mpira kila saa unakimbilia mstari mmoja, ukitoka unaingia kihambani kwa watu na mtoto mmoja anatumwa kuufuata.

Uwanja kama huo ndio mwalimu mzuri wa majukumu kuliko televisheni yoyote. Kipindi mnachocheza kuelekea chini, mpira unakimbia wenyewe. Beki akibutua kwa nguvu anampa kipa wa wapinzani zawadi. Hapo unahitaji mtu wa katikati wa kuutuliza mpira, na mwenye mbio mmoja wa kuufukuzia. Kipindi mnachocheza kupanda, mpira mrefu unakufa njiani na kurudi kwako. Hapo mawinga wanashuka, pasi zinakuwa fupi, na straika hasimami peke yake kule juu kama mlinzi wa usiku. Kama mteremko unakata upande, yule mwenye utulivu wa mguu unampeleka upande wa chini, kwa sababu huko ndiko mpira utakakokaa. Masika ikinyesha, matope yakauzuia mpira, unapanga upya.

Ni watoto walewale kumi na mmoja. Huenda hata tarakimu hazijabadilika, bado mnasema 4-4-2. Lakini kazi zimebadilika mara tatu ndani ya mechi moja. Mwalimu aliyekariri mfumo kutoka kwenye kibanda umiza, akawaambia watoto "kipa aanzishe mpira mfupi kama wazungu" kwenye uwanja wenye mashimo, anawatafutia magoli ya aibu.

Mnene akae golini

Tuseme ukweli kuhusu jinsi timu za shule zinavyopangwa. Mnene akae golini. Mrefu akae nyuma. Mwenye mbio aende pembeni. Asiyejua kabisa awe beki wa kushoto. Na mwenye mpira wake acheze namba kumi. Tulicheka hivyo kwenye chandimu, lakini cha kusikitisha ni kwamba shuleni, mbele ya mwalimu, upangaji ni uleule.

Madhara yake hayaonekani siku hiyo. Mtoto wa miaka 12 aliye mrefu leo, wenzake watamkuta kwa urefu akifika 16. Miaka minne amefundishwa kubutua tu. Urefu umekwisha kuwa faida, na mguu haujui pasi. Yule mdogo aliyefukuzwa katikati "kwa sababu atasukumwa" huenda ndiye aliyekuwa anaona pasi ambazo wengine hawazioni. Na yule aliyewekwa golini kama adhabu anajifunza kwamba golini ni jalala la timu, wakati makipa wa leo, mtazame Djigui Diarra, wanaanzisha mashambulizi kwa miguu yao kama kiungo yeyote.

Wasichana ndiyo kabisa. Shule nyingi bado zinaona mpira wa miguu ni wa wavulana, wasichana wana netiboli. Wakati Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022. Wale mabinti hawakuokota majukumu yao njiani. Kuna mtu aliwaambia, mapema, wewe ukipoteza mpira kimbia hapa, wewe baki pale.

Sisi tunasoma kila siku kuhusu ufundishaji unaomlenga mwanafunzi. Tunaandika kwenye mitihani kwamba mtoto hatakiwi kupewa lebo. Halafu saa kumi jioni tunatoka nje na kumwambia mtoto, "Wewe ni beki, huwezi kitu kingine." Hiyo ni lebo. Ingekuwa darasa la Hisabati tungeiita kosa la kitaaluma.

Inawezekana bila hela

Najua swali linalokuja: vifaa viko wapi? Nakubali hali ni ngumu. Lakini majukumu hayahitaji koni za dukani. Weka mawe manne uwe na mraba. Watoto wanne nje, wawili ndani. Wa nje wanapasiana, wa ndani wanawinda, anayepoteza anaingia. Ndani ya dakika kumi mtoto amejifunza kujifungua apokee pasi, na wale wawili wamejifunza kwamba mmoja akienda kwenye mpira, mwenzake anaziba njia. Hilo ni somo la namba sita na namba nane, bila kutaja namba.

Pili, zungusha nafasi. Kwa watoto wa shule ya msingi kila mmoja aonje golini, nyuma, katikati na mbele ndani ya muhula. Aliyewahi kucheza beki anajua straika anavyomsumbua, kwa hiyo akiwa straika anajua asumbue vipi.

Tatu, mpe kila mtoto kazi yake kwa sentensi tatu, zile za maswali matatu. Halafu katikati ya mchezo piga filimbi, "Kila mtu asimame hapo hapo!" Waangalie wenyewe. Nani yuko peke yake? Pengo liko wapi? Waache wajibu. Hilo ni andalio la somo kamili: lina lengo, lina zana, lina tathmini.

Wapo watakaosema mkuu wa shule hataki haya, anataka kombe la UMISSETA kabatini, na UMITASHUMTA haingoji mtoto aonje nafasi. Hoja hiyo ina uzito. Mashindano yakikaribia, panga wanaofaa zaidi mahali wanapofaa. Lakini mashindano ni wiki chache za mwaka. Miezi mingine yote ni ya kufundisha, na timu ambayo kila mtu anajua kazi ya jirani yake haifi beki mmoja akiumia. Hata kwa anayetaka kombe tu, hesabu inakubali.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi

Basi nimalize na ombi, maana makala bila ombi ni kelele. Kila mwaka Wizara ya Michezo ya serikali yetu ya wanafunzi hugawa bajeti: jezi, nauli, maji, mpira. Sipingi jezi. Lakini naomba kabla ya BTP ijayo zitengwe Jumamosi mbili tu. Aalikwe kocha mwenye leseni kupitia chama cha mpira cha mkoa, tutoke uwanjani, na kila mwanafunzi wa ualimu, wa kike na wa kiume, mpenzi wa mpira na asiye mpenzi, afundishwe namna ya kuendesha zoezi moja la majukumu kwa watoto arobaini na mpira mmoja. Gharama yake haifiki seti moja ya jezi.

Mtaala ulioboreshwa una somo la Sanaa na Michezo shule za msingi. Maana yake michezo si kitu cha kupoteza muda tena baada ya vipindi, ni kipindi. Na kipindi kinahitaji mwalimu anayejua anachokifundisha.

Kule kantini tuendelee kubishana, sisemi tuache, Jumatatu bila ubishi wa Simba na Yanga si Jumatatu. Ila mtu akisema "kocha alikosea mfumo," muulize swali moja: nani aliacha kufanya kazi gani? Akiweza kujibu, mpe kiti, huyo anaujua mpira. Asipoweza, mwambie anywe chai yake.